Kukwangua hedi siyo kutengeneza injini ya resi

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wenzako wote hapo gazetini. Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu ile habari yenu ya kijana wa huku ziwani aliyeigeuza mashine ya boti ya HP 40 kuwa "ya resi", ile mliyoweka picha kubwa ameshika silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, mkononi anacheka. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Mwanza, kazi yangu kila siku ni hizo hizo Yamaha za wavuvi, sasa habari kama ile naipitaje? Kijana nampongeza kabisa, maana mtu kufungua mashine inayofanya kazi vizuri kwa sababu tu anataka kujua ndani kuna nini, hiyo ni akili, wengi tunafungua zikishakufa. Ila Mhariri mlichokisifia sicho. Mmeandika kwamba siri yake ni kuikwangua hedi "ili iwe na kompresheni kali", yaani hewa na petroli vibanwe zaidi ndani ya silinda, basi, maelezo ya ufundi yakaishia hapo kama vile ufundi wote wa injini za mashindano umo kwenye msasa na kipande cha kioo. Na tangu itoke nina wenye mitumbwi wanakuja na mashine mabegani, fundi nikwangulie na mimi kama yule wa gazetini. Ndo maana naandika.

Tuanze na mashine yenyewe. Hii Yamaha Enduro 40 ina silinda mbili, pistoni ya milimita 80, inapanda na kushuka milimita 70, jumla ya ujazo sisi (cc) 703. Mwenye kuitengeneza anataka ukifungua moto wote izunguke kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Ukigawanya HP 40 kwa hizo sisi unapata kama HP 57 kwa lita moja, ambayo kwa injini ya tu stroki, yaani inayochoma petroli kila mzunguko mmoja, ni ndogo sana, ni ndogo makusudi kabisa! Wajapani hawakushindwa kuongeza. Waliiacha imelegea ili ibebe mzigo usiku kucha, inywe petroli yoyote atakayoletewa na mtu yeyote, ipoozwe na maji yenye tope na magugu, na asubuhi iwake. Huo ulegevu ndo uhai wake, sasa wewe ukiuondoa uwe unajua unauondoa wapi na unaufidia na nini.

Maana wapo waliouondoa wakafika mbali, tena siyo viwanda vikubwa. Kule Ujerumani Mashariki, kiwanda cha pikipiki cha MZ, fundi mmoja Walter Kaaden alikuwa na karakana ya kimaskini tu ukilinganisha na Wajapani na Waitaliano, lakini mwaka 1961 kainjini kake ka sisi 125 kalitoa HP 25, yaani HP 200 kwa lita, kwa mizunguko inayopita 10,000. Pigeni hesabu hiyo kwenye sisi 703 muone. Alifanyaje? Alikaa akasikiliza ekzosi. Kwenye tu stroki poti ya ekzosi, yaani tundu la moshi kwenye ukuta wa silinda, ikifunguka moshi unatoka na wimbi la presha linakimbia kwenye bomba, likikuta bomba limepanuka halafu likabana tena, linarudi, na likirudi kwa wakati wake linasukuma ndani ya silinda ile petroli mbichi iliyokuwa inataka kutoroka na moshi. Bomba lisilo na kipande kimoja kinachocheza linafanya kazi ya kupuliza injini. Lakini ni kwa mizunguko fulani tu, bomba likiwa refu linakubali mizunguko ya chini, likiwa fupi ya juu, ukikosea urefu wimbi linarudi wakati poti imefungwa na hujapata kitu. Dereva wake Ernst Degner alitoroka mwaka huo huo akaenda Suzuki na siri zote kichwani, na mwaka uliofuata Suzuki wakawa mabingwa wa dunia wa sisi 50. Hayo ya utoro tuyaache.

Kwenye boti zenyewe walikuwepo König wa Berlin, kampuni ndogo kabisa ya kutengeneza injini za boti za resi, silinda nne zimelala mbili huku mbili huku, ekzosi zao zinaning'inia nje nyuma ya boti kama matumbo. Injini yao ilikuwa nzuri kiasi kwamba Kim Newcombe, jamaa wa New Zealand aliyekuwa anafanya kazi pale pale, aliichukua akaifunga kwenye pikipiki ya sisi 500, na mwaka 1973 akamaliza wa pili ubingwa wa dunia nyuma ya Phil Read wa MV Agusta, ingawa matokeo hayo yalimkuta ameshafariki kwa ajali ya Silverstone. Injini ya boti hiyo! Na kule Marekani kwenye mji wa Quincy, Illinois, alikuwepo O.F. Christner mwenye karakana ya kuchomelea vyuma, yeye miaka ya 1960 alikuwa anachukua Mercury za watu wa kawaida, ambazo pistoni zake zilikuwa na kibyongo juu cha kuelekeza hewa, anatoa anaweka pistoni bapa na kupanga upya njia za hewa ili mchanganyiko wa hewa na petroli uingie ukizunguka ndani ya silinda na kuufukuza moshi. Yamaha zetu hizi tayari zina mpango huo toka kiwandani, kwa hiyo kijana wetu ameanzia pale Christner alipofikia, bahati iliyoje.

Sasa nirudi kwenye hedi. Ukiikwangua milimita moja kwenye silinda ya milimita 80 unaweza kupunguza mpaka sisi 5 za chumba cha mwako, kwa injini yenye silinda ya sisi 351 siyo kidogo. Kompresheni inapanda ndiyo, na pale chini inavuta vizuri, mwenye mashine anafurahi, anakwambia fundi umenyoosha. Lakini joto nalo limepanda, na petroli yetu mwaloni mnaijua. Pamoja na serikali kuweka vinasaba, zile alama za kutambua yaliyochakachuliwa, kwenye mafuta bado ukienda kisiwani unakuta dumu limekaa juani wiki nzima na mwenyewe ameongezea taa kidogo ili libebe. Mafuta ya taa hayavumilii kubanwa, yanalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia, na ule mlipuko wa ovyo unapiga pistoni kama nyundo huku wewe husikii kitu maana boti inapiga kelele.

Nina pistoni hapa mezani ya mteja ambaye mashine yake ilikwanguliwa sehemu nyingine, sisemi wapi. Ukiishika upande wa ekzosi ukingo umeliwa wote, aluminiamu imeyeyuka mpaka imeifunika ringi, ringi haichezi tena, na katikati pamezama panaonyesha weusi wa kuungua kwa chini. Ukigeuza hedi yake unakuta vidoti vidoti pembeni kama paliwekwa mchanga ukapigwa nyundo. Plagi ina vichembe vinavyong'aa, hiyo ni pistoni yake imehamia kwenye plagi. Mashine ilinoki usiku katikati ya ziwa na watu wanne ndani na upepo unapanda, wakavutwa asubuhi na wenzao. Hizo ndo habari za upande wa pili wa ile picha yenu.

Mtu anayejenga injini ya resi kweli kweli haanzii kwenye hedi, hedi ni ya mwisho mwisho. Anaanzia majini. Hivi yule kijana boti yake ni ipi? Kwenye picha nyuma naona mtumbwi wa mbao wa dagaa. Mtumbwi ule na mzigo wake haunyanyuki juu ya maji, unayakata tu, na chombo kinachokata maji kikishafika spidi yake hata ukifunga mashine ya HP 100 unachimba tu shimo nyuma. Boti ya resi ni nyepesi, inakalia hewa zaidi kuliko maji. Halafu panga boi, ile feni ya chini inayosukuma maji. Chukua panga boi la pichi, yaani hatua ya mzunguko mmoja, ya inchi 13, gia ya chini ni mbili kwa moja, mashine ikizunguka 5,500 panga boi linazunguka 2,750, kila mzunguko lingesonga sentimita 33 kama maji yangekuwa nati na panga boi bolti, unapata kama kilomita 54 kwa saa. Halafu toa kuteleza, na kwa mtumbwi mzito kuteleza ni kwingi. Ina maana hata ungeiwekea injini ya miujiza, bila kugusa panga boi wala mizunguko huwezi kupita hapo! Watu wanatafuta spidi juu kwenye injini wakati iko chini kwenye pichi, kwenye kunyanyua mashine ubao wa nyuma sentimita mbili tatu, na kwenye ile pua ya gia boksi ambayo wenye resi wanaichonga iwe kali na matundu ya kuingizia maji ya kupoozea wanayashusha chini, maana mashine ikinyanyuliwa matundu ya kawaida yanabaki hewani na injini inakaangika. Mwaka 1989 kule Parker, Arizona, Bob Wartinger alienda maili 176 na nusu kwa saa kwa mashine ya nje, hizi za kufunga nyuma ya boti, ni kama kilomita 284, kwa spidi hizo panga boi linafanya kazi nusu nje ya maji nusu ndani, na limechongwa kwa ajili hiyo. Panga boi la dukani ukilifanyia hivyo linashika hewa, injini inapiga yowe na boti haiendi.

Ukimaliza maji unakuja kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Hapa ndo vijana wanaruka wote. Ukitoka mizunguko 5,500 ukaenda 8,000 unaona umeongeza kama nusu hivi, lakini nguvu inayoivuta konrodi, ile fimbo inayounga pistoni na krenki, kila pistoni inapofika juu na kugeuka inapanda kwa mraba, inakuwa zaidi ya mara mbili. Na spidi ya pistoni kwa wastani inatoka mita 13 kwa sekunde hadi karibu 19. Krenki ya hizi mashine imeunganishwa kwa kupresiwa vipande vipande, ukiiweka kwenye vii bloku, vile vitalu vya kuilaza, ukaizungusha na dayo gauji, saa ya kupimia kupinda, juu yake utashangaa, ambayo macho yanakwambia imenyooka gauji inakwambia imepinda. Kwa kuvulia dagaa inavumilia. Kwa 8,000 itakula beringi. Halafu sili za krenki, zile raba za kuzuia kuvuja, ziwe mpya na upime kwa kujaza presha kidogo kwenye kreki kesi, nyumba ya krenki, uangalie kama inashuka, maana tu stroki inavuta mchanganyiko kupitia humo, sili ikivuja inavuta hewa tupu, mchanganyiko unakuwa mwembamba, oili inapungua, na hapo tena pistoni.

Ndo unakuja kwenye poti. Unafunga protrakta kubwa kwenye flaiwili, hata ya kuchora mwenyewe ukaibandika kwenye bati, unaweka waya kama mshale, unazungusha pole pole unaandika poti ya ekzosi inafunguka nyuzi ngapi na inafunga ngapi. Injini za resi zinaiacha wazi hata nyuzi 190 na zaidi, za kazi ni chache kuliko hapo. Unapandisha kidogo kidogo na faili, unapima tena, milimita moja tu inabadilisha nyuzi kadhaa, na ukiitanua sana kwa upana ringi inachomoza na kunasa, hilo likitokea unanunua silinda. Na kadiri unavyopandisha poti ndivyo unavyoipoteza nguvu ya chini, yaani mashine itakuwa haina kitu mpaka ifike mizunguko ya juu, mvuvi mwenye nyavu nzito hataweza kuondoka nayo mwaloni. Ridi valvu nazo, vile vijani vya chuma, kwa mizunguko hiyo vinachelewa kufunga na vikikatika vinaingia ndani, wenye resi wanaweka vya faiba.

Ekzosi ndo mtihani wenyewe. Kwenye mashine ya nje moshi unashuka ndani ya mguu unatokea katikati ya panga boi chini ya maji. Hilo bomba la Kaaden utaliweka wapi? König walitoa nje. Kampuni kubwa zimelijengea ndani ya mguu. Ile Mercury ya lita 2.5 ya V6 iliyotawala F1H2O, mashindano ya dunia ya boti za resi, kwa miaka, ambayo ndugu zetu wanaofanya kazi Sharjah wanaziona zikifanya mambo pale Khalid Lagoon, ilikuwa inatoa kama HP 400 kwa mizunguko zaidi ya 10,000. Kijana wetu ekzosi hajaigusa kabisa. Poti hajagusa. Sasa hiyo resi imetoka wapi?

Hedi sasa. Hata yenyewe inapimwa. Unaweka vipande vya waya wa solda juu ya pistoni, pande mbili, unafunga hedi na gasketi yake, unazungusha kwa mkono mpaka pistoni ipite juu, unafungua unatoa solda iliyobanwa unaipima unene kwa venia, kile kipimo cha milimita. Huo ndo uwazi kati ya pistoni na hedi pembeni, na wajenzi wengi wanautaka uwe karibu na milimita moja, usizidi sana na usipungue pistoni ikagonga. Kisha ujazo, pistoni ikiwa juu kabisa unaingiza oili ya 2T kwa bomba la sindano la duka la dawa kupitia tundu la plagi, unahesabu sisi mpaka ijae. Silinda zote mbili zilingane! Yule aliyekwangua kwa msasa juu ya kioo silinda ya juu imetoka na ujazo wake na ya chini na wa kwake, nawahakikishia. Bomba la sindano ni bei ya soda, hana kisingizio.

Kuna jambo moja sijaona mtu analisema huku kwetu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa hapa ni nyepesi, pungufu kama sehemu moja ya kumi hivi ukilinganisha na Dar. Jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, inayofaa hapa, ukiipeleka mashine hiyo hiyo Dar au Unguja kwenye hewa nzito, mchanganyiko unakuwa mwembamba, na mashine iliyokazwa ndo haina msamaha hapo. Mmeandika kijana anataka kwenda kuionyesha pwani. Aende, ila abebe jeti kubwa mfukoni.

Na hilo la kutumia spiriti kama mafuta ya mashine mliloligusia mwishoni, Mhariri hapo mngeuliza mtu kwanza. Wenye resi wanatumia methanoli, na methanoli inataka ujazo zaidi ya mara mbili ya petroli, kila jeti na kila bomba la mafuta libadilishwe, na haichanganyiki na oili ya kawaida ndo maana wao wanatumia mafuta ya nyonyo. Ni sumu, inapita hata kwenye ngozi, na ikiwaka mchana moto wake hauuoni, mtu anaungua wenzake wanamshangaa anaruka ruka. Spiriti ya dukani siyo hiyo, ni kitu kingine na ina maji. Naomba msiliandike tena hivi hivi tu.

Nasema yote haya siyo kumvunja moyo. Hao wa F1 ya boti wenyewe walikuwa wanakaa wazi juu ya boti mpaka madereva kadhaa walipokufa mwaka 1984 ndo wakaanza kuwajengea vyumba vigumu vya kukaa. Sisi hapa hata ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine watu wanaifunga kwenye hendeli badala ya mkononi ili isiwasumbue. Boti ya majaribio ibebe mtu mmoja, jaketi kavaa, kamba mkononi, na mashine yake isirudi usiku kubeba watu na nyavu. Mashine ni mbili tofauti, ya resi na ya kazi, huwezi kuwa na moja ya zote.

Ombi langu ni kwamba mrudi kwake. Safari hii nendeni na maswali, uwazi wa solda ni ngapi, ujazo wa kila silinda ngapi, poti inafunguka nyuzi ngapi, plagi zina rangi gani baada ya kufungua moto wote na kuzima ghafla. Akijibu chapisheni namba zake, mafundi tuzisome tubishane, maana kwa sasa kila fundi anaficha chake na vyuo vya ufundi vinafundisha injini ya gari ya foo stroki miaka nenda rudi wakati wilaya nzima inaishi kwa tu stroki. Dayo gauji moja na vii bloku vikiwekwa chuoni watu wakawa wanaenda kupimia krenki kwa ada ndogo, mngeona kazi za vijana.

Na kama anasoma hapa, mdogo wangu, wakati unasubiri hao waandishi, weka gasketi ya pili juu ya ile ya kwanza kama ni ya unene ule ule, upime tena kwa solda, panda jeti saizi moja au mbili, na oili ongeza kidogo kwenye petroli kuliko ulivyozoea. Karakana yangu iko upande wa Kirumba karibu na mwalo, ukiuliza fundi wa mashine za boti watakuelekeza, dayo gauji ninayo.

Fundi mashine za boti,
Mwanza